Kwa Nini Tunaomba Diski Nyingine

Hotuba hii tuliitoa Kinyala mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wetu wafadhili. Tumeombwa kuichapa hapa ili wale ambao hawakuweza kufika nao waisome.

 

Tumesimama hapa kwa sababu ya swali moja. Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja alituuliza hivi: "Tuliwatafutia diski mkasema inatosha. Sasa mnaomba nyingine, na mnasema siyo kwa sababu ya nafasi. Ni ya nini?" Swali lile lilikuwa la haki. Jibu tulilotoa siku ile halikueleweka, na tuliporudi ofisini tuliona kwamba hata sisi wenyewe hatukulielewa vizuri. Leo tumekuja kujibu kwa utaratibu, pamoja na kueleza kosa ambalo tulilifanya kwa mikono yetu wenyewe.

Kazi yenyewe

Kama mnavyofahamu, kazi kubwa ya kompyuta ile si kuandika barua. Ni kutunza madaftari ya ubatizo na ya ndoa. Katika wilaya yetu ya Rungwe wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891, na tangu siku hizo makanisa yote yaliyofuata yamekuwa yakiandika majina katika madaftari. Karatasi hizo ziko katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukilifungua kabati la ofisi ya kigango mwezi wa Aprili utasikia harufu ya ukungu kabla hujaona kitabu.

Na madaftari hayo hayatafutwi na wanahistoria tu. Mtu mzima ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, akienda kuomba cheti cha kuzaliwa RITA, huombwa vielelezo, na cheti cha ubatizo ni kimojawapo kinachokubaliwa. Bila cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kinakuwa na usumbufu, na hata mirathi na mafao ya uzeeni hukwama. Kwa hiyo ukurasa mmoja ulioliwa na mchwa unaweza kuwa ndio ushahidi pekee wa umri wa bibi fulani. Ndiyo sababu tulianza kuziskani kurasa hizo.

Ukurasa wa A4 wenye rangi, ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi bila kubanwa, ni megabaiti 26 hivi. Daftari likifunguliwa ni kurasa mbili, basi ni megabaiti 50 kwa kila mfunuo. Daftari lenye mifunuo 200 linakula gigabaiti 10. Tungeweza kuzibana picha hizo zikawa ndogo sana, lakini wino wa zamani umefifia, na tuliamua kutunza kila kivuli cha herufi.

Ghala lenye kuta za matofali

Kompyuta ya kwanza ilikuwa na diski ya gigabaiti 500. (Mfadhili mmoja alipokagua aliona kompyuta inaonyesha 465 tu, akatuandikia kuuliza 35 zimekwenda wapi. Hazikuibwa. Watengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024, na tofauti ni hiyo.)

Fundi aliyeiandaa aliigawa kwa njia iliyokuwa ya kawaida: sehemu tatu, kila moja na mpaka wake. Gigabaiti 50 za mfumo wenyewe, 300 za mahesabu na barua, na 115 zilizobaki za madaftari. Wakati ule hakuna aliyejua ni kipi kitakua. Fikirieni ghala la viazi lililojengwa kwa kuta za matofali ndani: chumba kikubwa cha mbegu, chumba kidogo cha viazi vya kuuza. Mavuno yakija makubwa, viazi vinamwagika nje mlangoni wakati chumba cha mbegu ni kitupu.

Ndivyo ilivyotokea. Baada ya madaftari 11 sehemu yao ilijaa. Ile ya mahesabu ilikuwa imetumika gigabaiti 4 kati ya 300. Vijana wakaanza kuhifadhi kurasa mpya popote penye nafasi: nyingine katika kabrasha la barua, nyingine katika flashi. Flashi moja ilipotea kwenye daladala. Hapo mkasikia kwa mara ya kwanza kwamba diski "imejaa lakini haijajaa", na tunakubali kwamba maneno hayo yalisikika kama ya mtu anayeficha jambo.

Kuondoa kuta

Dawa ya tatizo hilo ipo, nayo ni ya siku nyingi. Katika kompyuta za jamii ya Unix, kampuni ya IBM iliiweka katika mfumo wake wa AIX mwaka 1990, na Hewlett-Packard nao wakawa na ya kwao. Kwa Linux, ambayo ndiyo tunayoitumia, Mjerumani Heinz Mauelshagen aliiandika mwaka 1998 akifuata ule mpangilio wa Hewlett-Packard, na ikaingizwa rasmi katika toleo la 2.4 lililotoka mwaka 2001. Inaitwa kwa kifupi LVM. Haina leseni ya kulipia. Kwa wale wanaodhani kwamba programu za bure ni za wageni tu, tukumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, Desemba 2004, ikiwa imejengwa juu ya kazi ya bure ya namna hiyohiyo.

LVM inaondoa kuta za matofali na kuweka mbao zinazosogezwa. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa maziwa. Kila mfugaji huleta ndoo yake kituoni, maziwa yote humiminwa katika tangi moja, na baada ya hapo huchotwa kwa kipimo chochote kinachotakiwa. Anayenunua lita 40 haulizi zimetoka kwa ng'ombe wa nani. Diski ni ndoo. Tangi ni kundi la diski. Na kile kinachochotwa, ambacho kompyuta hukiona kana kwamba ni diski kamili, huitwa voliumu.

Wafadhili walipotuletea diski mpya ya terabaiti 1 (itaonekana 931, msishtuke) tulifanya kazi hiyo asubuhi moja. Tunazitaja amri zenyewe kwa sababu makatibu wa parokia nyingine wameziomba. Kwanza kabisa ni lsblk, kuona diski zote kwa majina yao. Hatua hii haina fahari yoyote, lakini ndiyo inayookoa watu: ukiandika sdb ulipotaka kuandika sdc, umeandaa upya diski yenye kazi ya mwaka mzima. Soma ukubwa, linganisha, kisha mwite mwenzako asome naye.

Halafu:

pvcreate /dev/sdb
vgcreate kinyala /dev/sdb
lvcreate -L 400G -n madaftari kinyala
mkfs.ext4 /dev/kinyala/madaftari

Ya kwanza inaitia diski alama kwamba iko tayari kumiminwa. Ya pili inatengeneza tangi, nasi tuliliita kinyala. Ya tatu inachota gigabaiti 400 na kuzipa jina. Ya nne inaweka mpangilio wa kuhifadhia mafaili. Tulirudia mbili za mwisho kwa picha za miradi (150) na kwa mahesabu (30), kisha tukaziandika zote tatu katika faili la /etc/fstab ili kompyuta izifungue yenyewe kila inapowashwa. Zilibaki gigabaiti 351 ambazo hatukumpa mtu.

Hizo 351 ndizo zilizoleta maneno kikaoni. Mlituuliza kwa nini tunaacha nafasi bure. Sababu ni kwamba kuongeza voliumu ni rahisi na kupunguza ni kazi ngumu. Kuongeza unaandika mstari mmoja, watu wakiwa wanaendelea na kazi:

lvextend -r -L +100G /dev/kinyala/madaftari

Ile -r ndogo isisahauliwe. Sisi tuliisahau mara ya kwanza, voliumu ikakua lakini mpangilio wa mafaili ndani yake ukabaki vilevile, na tukashinda mchana mzima tukidhani kompyuta inatudanganya. Kupunguza, kwa upande mwingine, kunakutaka uifunge voliumu, uikague, uipunguze kwa mpangilio sahihi, na ukikosea mpangilio unakata mafaili. Kwa hiyo anza na kidogo, ongeza inapobidi.

Nafasi iliyoachwa ina kazi ya pili. LVM inaweza kushika hali ya voliumu kama ilivyo dakika hii, ili uinakili kwa utulivu huku mhasibu akiendelea kuandika. Kila Ijumaa jioni programu ndogo tuliyoiandika ilishika hali ya kila voliumu, ikanakili yaliyobadilika kwenda diski ya nje, kisha ikaondoa ule mshiko. Lakini mshiko huo unahitaji nafasi ndani ya tangi. Tangi likiwa limegawiwa lote, haufanyiki.

Kosa letu

Kazi ilikwenda vizuri, vizuri mno. Madaftari yaliongezwa mia, kisha mia nyingine, na nyingine tena, yakafika 700. Picha zikafika 200. Pamoja na 30 za mahesabu hiyo ni 930, na ndani ya tangi ikabaki gigabaiti 1. Siku hiyohiyo nakala ya Ijumaa ilikoma. Hakuna aliyejua. Programu ilituma taarifa ya kushindwa, kama ilivyoagizwa, katika sanduku la barua la msimamizi wa mfumo, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akilifungua.

Wakati huo tulikuwa na kompyuta nyingine iliyoungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Diski yake, ya gigabaiti 320, ilikuwa inazunguka. Tukaona ni neema: hatuhitaji kumsumbua mfadhili. Tukaimimina katika tangi kwa vgextend, na kwa furaha tukaandika -l +100%FREE, yaani wape madaftari kila kilichobaki, chote. Tuliliripoti katika kikao kama mfano wa kubana matumizi, na mkatupigia makofi.

Wafugaji waliopo hapa wamekwisha kuliona kosa. Mama anayepokea maziwa kituoni hamimini ndoo ya mtu yeyote bila kuipima kwanza, kwa sababu ndoo moja iliyochacha inaharibu tangi zima, pamoja na maziwa ya waliokamua vizuri. Sisi hatukupima. Ipo amri ya kupimia, smartctl -a, inayosoma kumbukumbu ambayo diski yenyewe hujiandikia: imefanya kazi saa ngapi, imeshindwa mara ngapi, vipande vingapi vimekufa na kuhamishwa. Tulipoiendesha baadaye, ilikuwa imeandika wazi kwamba vipande vinakufa. Ingetuchukua dakika moja.

Baada ya wiki kadhaa diski ile ilianza kugonga. Kwa kawaida kuna njia nzuri ya kutoka: amri ya pvmove huhamisha kila kitu kutoka diski mgonjwa kwenda nyingine katika tangi lilelile bila hata kuzima kompyuta. Lakini lazima pawe na mahali pa kuhamishia. Tangi letu lilikuwa limegawiwa hadi tone la mwisho.

Tukaazima diski ya nje na kuanza kunakili faili moja moja. Yaliyokuwa katika diski nzima yalitoka. Yaliyokuwa katika ile mbovu mengine yalitoka, mengine kompyuta ilikaa nayo dakika nyingi kisha ikakata tamaa. Na kwa kuwa sehemu ile ndiyo iliyokuwa tupu ilipoongezwa, kurasa nyingi za karibuni ndizo zilizoandikwa humo. Tukaiendea diski ya nakala za Ijumaa tukiwa na matumaini. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Tulichopoteza ni kurasa za madaftari mawili. Moja bado lilikuwa ofisini, tukaliskani upya kwa siku nne. La pili tulikuwa tumekwisha kulirudisha kigangoni, na huko sanduku lilikuwa limewekwa chini ya bati linalovuja. Baadhi ya kurasa zake zimeshikana na hazifunguki. Tumeziweka mahali pakavu, tukijaribu kuzifungua kidogo kidogo, na hatuwezi kuwaahidi kwamba zote zitasomeka. Mzee mmoja ambaye jina lake lilikuwa humo alikuja ofisini kutafuta uthibitisho wa ubatizo wake. Tulilazimika kumtuma akatafute wadhamini wake wa ubatizo, na yeye ana zaidi ya miaka 70. Mnaweza kukadiria wadhamini hao wako wapi.

Jibu la swali

Basi, ndugu mjumbe uliyeuliza, jibu ni hili. LVM ilitupa uhuru wa kugawa nafasi, na katika hilo haikutuangusha hata siku moja. Lakini haijui kutunza. Ukiunganisha diski mbili bila hatua nyingine, umeongeza hatari badala ya kuipunguza, kwa sababu sasa zipo mbili za kufa na yoyote kati yake ikifa inaondoka na sehemu ya kazi yote. Sisi tulichanganya mambo mawili: nafasi na usalama. Tulipowaambia "diski inatosha" tulikuwa tunasema juu ya nafasi.

Diski tunayoiomba sasa haitaongeza hata gigabaiti moja ya nafasi. Tulikwisha kupata mbili mpya za terabaiti 2, nazo tumeziweka kama kioo: katika LVM unaongeza --type raid1 -m 1 unapotengeneza voliumu, na kila kinachoandikwa kinaandikwa katika zote mbili. Moja ikifa, kazi inaendelea kwa nyingine. Mhasibu wa parokia alilalamika kwamba tumenunua nne tunapata mbili. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Hata hivyo kioo si nakala. Kijana akifuta kabrasha kwa makosa, linafutika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Radi ikipiga, na hapa kwetu hupiga, inachukua diski zote zilizo katika sanduku moja. Ndiyo maana tunaomba ya tatu, ya nje, itakayokaa jengo jingine na kuunganishwa siku ya Ijumaa tu. Itafungwa kwa nywila, maana ina majina na tarehe za kuzaliwa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi.

Kwa upande wa kamati, kuna jambo ambalo halihitaji fedha za mfadhili. Tunaomba kila kikao cha mwezi kiwe na dakika tano za kusomewa vitu vitatu: nafasi ambayo haijagawiwa katika tangi (amri ni vgs, na sisi tumejiwekea kwamba isishuke chini ya moja ya kumi), matokeo ya kupima diski, na tarehe ya nakala ya mwisho. Tena nakala hiyo ifunguliwe mbele ya mjumbe mmoja, achague yeye ukurasa wowote, auone kwa macho yake. Tukija na maneno ya kitaalamu bila tarehe, mturudishe.

Kwa wafadhili: tunajua kwamba katika fomu za maombi ni rahisi kupata "diski ya kuongeza uwezo" kuliko "diski ya kukaa kabatini". Tunaomba mstari huo wa pili nao uwe na mahali pake. Bei ni ileile.

Vijana wetu wawili wako hapa na kompyuta, na mtu anayetaka kuona jinsi voliumu inavyoongezwa ataonyeshwa kwa vitendo baada ya chai. Ile diski ya gigabaiti 320 tumeileta pia. Iko pale mezani karibu na kitabu cha mahudhurio, tumeifungua kifuniko, na mkwaruzo unaonekana. Sasa tunapokea maswali.